Bi Ruka, Aliyetufundisha Kusoma kwa Miguu

Hujambo popote ulipo, msikilizaji. Kama una mtoto karibu hapo, mwache naye asikie. Leo tunamkumbuka mwalimu, na mwalimu huyu hakupenda wakubwa wasikilize mambo peke yao.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Ruka amefariki. Amefariki Alhamisi iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mitatu. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Miaka thelathini na minne, chekechea ile ile, chumba kile kile. Jina lake la kwenye vyeti sisi hatukulitumia, na binti yake ameniambia nisihangaike nalo. "Mwite mlivyomwita," alisema. "Ukilisoma lile lingine, nusu ya mtaa watadhani kafa mtu mwingine."

Basi, Bi Ruka.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mmoja wa aliowafundisha. Na kama umewahi kunisikia nasoma taarifa ya habari, ukasikia na kwa mbali kitu kama mtu anatwanga, usiipige makofi redio yako, haina kosa. Ni miguu yangu hiyo. Siwezi kusoma nimekaa. Fundi mitambo wetu amelalamika weee, mwisho akanitandikia zulia. Bi Ruka alinipa jina la Kiguu na Njia nikiwa na miaka mitano. Sasa nina hamsini na mbili, na jina bado lipo.

Nikupeleke kwenye chumba chenyewe. Zamani kilikuwa stoo ya shule. Yakatolewa mafagio na madawati mabovu, tukaingizwa watoto arobaini na wanane. Kiti? Hata kimoja. Sakafu ya saruji, na ilikuwa msimu wa baridi. Tukikaa chini tunatetemeka, na wengine, tusitajane, tunajikojolea. Bi Ruka, msichana wa miaka ishirini na sita, wiki yake ya kwanza kazini, akaona hapa hakuna kufundisha. Akasema, "Simameni wote. Rukeni mpate joto!"

Tukaruka. Lakini kuruka bure bure kulimchosha hata yeye aliyekuwa anatazama. Akachukua chaki, akaandika sakafuni maneno mafupi mafupi, makubwa kama sinia. NA. NI. HUYU. YULE. LEO. HAPA. NJOO. Yale maneno ambayo ukifungua ukurasa wowote lazima ukutane nayo, na mtoto anatakiwa ayajue kwa kuyaona tu, bila kuyakokota herufi kwa herufi. Na huwezi kumchorea picha. Ng'ombe utamchora. "Na" utaichoraje?

"Nikisema LEO, nione miguu juu ya LEO!" Wa mwisho kufika anaruka kama chura mpaka mlangoni. Jamani, hatukujua kama tunasoma. Tulijua tunakimbizana.

Tatizo likawa chaki. Watoto arobaini na wanane wakanyage hapo, kabla ya saa nne maneno yote yamehamia kwenye nyayo zetu. Mama yangu alikuwa akiniuliza, "Wewe huko shule unasoma au unapaka nyumba rangi?" Bi Ruka akamweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, muda wote ana pini mdomoni. Akachukua magunia, akayaunga mkeka mrefu kutoka ukuta hadi ukuta. Akashonea maneno kwa vipande vya kitambaa chekundu. Na mwisho kabisa wa mkeka, mkewe akamwambia ashone neno TENA.

Neno hilo lilikuwa na sheria yake. Niieleze vizuri, maana huko mbele tutaihitaji. Mtoto akiumaliza mkeka akasimama juu ya TENA, mchezo unaanza upya, na mwalimu hana ruhusa ya kukataa. "Sheria ni sheria," alikuwa akisema, huku ameshika kiuno.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mkaguzi alipokuja.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotuponza. Aliona aibu mkaguzi akute darasa halina viti. Akaazima viti arobaini na vinane kwenye ukumbi wa jirani. Mkeka ukakunjwa, ukafichwa nyuma ya mlango. Asubuhi tukaketishwa. Nguo safi, nywele zimechanwa, miguu inaning'inia haifiki chini.

Mkaguzi akatoa kadi zake. Akamwonyesha wa kwanza kadi yenye neno NJOO. Kimya. Wa pili, LEO. Kimya. Watoto ambao jana walikuwa wanayarukia maneno yale bila kukosea hata moja, leo wanaitazama kadi, kisha wanaitazama miguu yao. Viti vilikuja, kusoma kukaondoka.

Zamu yangu ikafika. Kadi ile nilikuwa naijua, wallahi nilikuwa naijua, lakini neno halikutoka. Nikafanya la maana. Niliishusha chini, nikashuka kitini, nikairukia kwa miguu yote miwili, nikapiga kelele, "HUYU!"

Na kweli ilikuwa HUYU.

"Ala!" mkaguzi akasema. "Kadi ya ofisi unaikanyaga?"

"Amesoma," Bi Ruka akasema.

"Ameotea. Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Hawa hata kukaa hawajui."

"Nimemkunja, mzee. Ila huyu hakunjiki akiwa kitini."

Watu wazima hawakucheka. Mkaguzi akafunga mkoba wake, akamwuliza swali moja. Wasikilizaji wapendwa, swali hilo Bi Ruka aliishi nalo maisha yake yote. "Siku watakapokosa pa kuruka, mwalimu, watasoma na nini?"

Akampa muhula mmoja. Akirudi, tuwe tunasoma tukiwa tumekaa. La sivyo darasa atapewa mwingine, na Bi Ruka atapelekwa stoo ya vitabu kugawa chaki. Muhula mmoja tu.

Binti yake, ambaye ndiye aliyenisimulia sehemu hii kama alivyoisikia kwa wazazi wake, anasema mama yake alifika nyumbani akalia kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ya kupoteza darasa ni kwamba swali lilikuwa la haki. "Baba alimwacha alie mpaka akachoka," binti anasema. "Halafu akatoa pini mdomoni. Kwa baba, kutoa pini mdomoni ilikuwa ni hotuba."

Fundi alimwambia hivi: "Mke wangu, mimi nguo sianzi kuishona moja kwa moja. Kwanza napiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza tu. Nikishashona sawasawa, bandi naivuta, naitupa. Nguo haifumuki. Huko kuruka kwako ni bandi. Hakuna ubaya. Ubaya umesahau kushona."

Kesho yake akaingia darasani macho yamevimba, lakini anatabasamu. Tukaanza upya. Kwanza mguu, kama kawaida. Wiki chache baadaye, kiganja: maneno yakapandishwa ukutani, unakimbia, unalipiga kofi neno lako. Kisha kidole: maneno mezani, unakimbiza kidole tu. Mguu, kiganja, kidole. Na mwisho, jicho.

Huu wa jicho aliuita kuruka kwa macho. Yeye anakaa mbele, hasemi, hatikisiki. Analitazama neno moja ukutani. Sisi tunafuata macho yake, tunataja neno. Halafu la pili, la tatu, mpaka sentensi itimie. LEO. SISI. NI. WAZIMA. Tulikuwa tumetulia kama tumemwagiwa maji. Hata mimi, Kiguu na Njia!

Mkaguzi akarudi. Tukakaa vitini, vile vile vya kuazima. Akatoa kadi, tukasoma. Akabadilisha kadi, tukasoma. Akafungua kitabu ambacho hatujawahi kukiona, tukayakuta mle maneno yetu, tukayasalimia kwa makelele kama ndugu waliotoka safari. Mzee yule akainama kuokota kalamu iliyomdondoka. Huko chini akaona vidole vya miguu vya watoto arobaini na wanane vinachezacheza hewani. Alipoinuka alikuwa anacheka. Mwalimu mkuu alituhifadhia alichokiandika: "Wanasoma wakiwa wamekaa. Viti si lazima."

Darasa likabaki kwake. Bi Ruka alifundisha hivyo hivyo mpaka akastaafu akiwa na miaka sitini. Mumewe alitangulia mbele ya haki miaka tisa iliyopita. Cherehani yake akairithi binti, na kazi ya kuutengeneza mkeka pia, maana chekechea bado wanautumia. Binti anasema vitambaa vingine vilidumu miaka kumi. Cha TENA hakikumaliza mwaka.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Nitaisema haraka.

Miaka mitatu iliyopita ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulianza kumla. Ulianza na miguu. Miguu ya Bi Ruka, jamani, kati ya viungo vyote! Ukaenda kwenye mikono. Alibaki na kidole kimoja, na kwa kidole hicho alikuwa akimfundisha mjukuu wake wa miaka sita, kwa kadi zilizobandikwa ukutani mkabala na kitanda. Kisha kidole nacho kikalala. Kisha sauti. Mguu, kiganja, kidole. Nadhani umeshaona, msikilizaji. Mimi nilipoona, nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Familia wakadhani na akili imeondoka. Anatazama tu ukuta. Unamwita, anatazama ukuta. Binti alikuwa na miezi mitatu hajalala vizuri, anamwogesha mama, anamgeuza, anamlisha, anarudi kwenye cherehani. Jioni moja amesimama na bakuli mkononi, machozi yanamtoka. Mjukuu akaingia kutoka kucheza. Akamwangalia bibi yake. Akauangalia ukuta.

"Mama," akasema, "bibi hajapotea. Anaruka kwa macho."

"Nikamwambia aache utani," binti ananisimulia. "Akanivuta mkono. 'Mfuate macho, mama. Taratibu.' Nikafuata. Mama akatazama kadi ya WEWE. Akatulia. Akatazama KAA. Akatulia. Akatazama HAPA. Halafu anarudia. Sijui ni siku ngapi alikuwa ananiambia maneno hayo. Mama yangu! Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu akae! Nikakaa pale kitandani, nikalia kama mtoto."

Kuanzia siku hiyo wakaongeza kadi. Zikafika tisini. Bi Ruka akawa anaagiza, anagomba, anatania. Nilipokwenda kumwona mwezi jana nikawa natembea huku na huku mle chumbani, kama ilivyo tabia yangu. Macho yake yakaenda kwenye HUYU. Yakaenda kwenye BADO. Mjukuu akanisomea kwa sauti: "Huyu bado!" Tukacheka, na yeye macho yalikuwa yanacheka.

Swali lilikuwa lile lile la mkaguzi. Siku watakapokosa pa kuruka, watasoma na nini? Mzee wa watu alishafariki siku nyingi. Ningependa angekuwepo mle chumbani.

Jumanne iliyopita, siku mbili kabla ya kifo chake, mkeka ulikuwa nyumbani kwa ajili ya kutengenezwa. Mjukuu akautandika kando ya kitanda. Akaruka neno moja moja, anasoma kwa sauti: MIMI, NI, WA, BIBI. Akafika mwisho. Akamgeukia bibi yake kuuliza kama amepatia.

Bi Ruka akatazama kadi ya TENA.

Mtoto akaruka tena. Akafika mwisho, akageuka. TENA. Akaruka mara ya tatu. Binti akasema, "Mwache bibi apumzike sasa." Mtoto akamjibu, "Mama, sheria ni sheria." Akaruka, wanasema, mara saba. Ya saba alipogeuka, bibi yake alikuwa amesinzia. Hakutazama neno lingine baada ya hilo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba ya watoto arobaini na wanane wa stoo ile, nawapa pole binti, mjukuu na jamaa wote. Bi Ruka apumzike kwa amani, ingawa kupumzika hakukuwa fani yake. Na wewe uliye na mtoto anayehangaika na kitabu, umeshamwita mzito, umeshamwita mtundu, hebu tafakari kidogo. Labda amekalishwa mapema. Chukua chaki. Andika neno moja mlangoni kwako, kubwa kama sinia. Ruka naye. Hutavunjika. Bandi utaitoa baadaye.

Juzi nilipita kwa binti kumpa mkono wa pole. Nilimkuta kwenye cherehani, ana pini mdomoni kama baba yake. Magunia yamejaa mapajani. Kipande cha TENA kilikuwa kimekwisha kabisa, kimebaki nyuzi. Nikamwambia apumzike, hata wiki moja, watu wataelewa.

Akatoa pini mdomoni. "Watoto wanarudi Jumatatu," akasema.

Kitambaa kipya amemaliza kukishona jana. Chekundu. Jumatatu asubuhi wataanza kukichakaza.