Baba Yuko Chaneli Gani?

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Waya, fundi wa televisheni. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni redio iliyokata tamaa. Hapo ndipo tunaponywea kahawa na kuwasema wasiokuwepo. Jana alasiri alikuja Midomo, kambeba mwanawe wa miezi minane kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa wenyewe. Kazi ya Midomo ni kutafsiri sinema za kigeni: anakaa na kipaza sauti, anaongea badala ya kila mtu kwenye picha, jambazi, polisi, hata bibi yake jambazi. Nyumbani kwake sinema hizo zinawaka kutwa. Matokeo yake, baba akifungua mdomo, mtoto anageuka kutazama televisheni. Mkewe kachoka. Kaenda sokoni na kuacha neno moja: nikirudi mtoto bado hakujui, namchukua tunahamia kwa mama mpaka uache kazi hiyo. Ningecheka, maana mimi hucheka ovyo, lakini Midomo alikuwa kanywea kweli.

MIDOMO: Tazameni wenyewe. Mwanangu, mimi baba.

Mtoto akageuza shingo, akaangalia kibandani, kwenye televisheni iliyozimwa.

HAKIMU: Hajasikia. Ongeza sauti.

(Hakimu anauza ndizi. Jina kalipata kwa kutoa hukumu bila kuombwa.)

MIDOMO: Kasikia, ndiyo maana kageuka!

WAYA: Tulieni, hili ni suala la kiufundi. Mtoto akizaliwa, macho na masikio yake hayajaunganishwa. Picha inaingia huku, sauti kule, hazijuani. Miezi yote hii anafunga nyaya. Mdomo ule ukifunguka, sauti hii inatoka. Ahaa, basi ni vya mtu mmoja!

MIMI: Nani kakwambia?

WAYA: Televisheni zenye picha bila sauti wanamletea nani? Wewe?

MIDOMO: Sasa huyu wangu kaharibika wapi?

WAYA: Hajaharibika. Kafunga vizuri kabisa. Ila sauti yako kaifunga kwa yule jambazi mwenye jicho moja.

HAKIMU: Basi kisheria, mtoto ni wa jambazi.

MIDOMO: Hakimu, nitakumwagia kahawa hii.

HAKIMU: Mimi nafuata ushahidi. Sauti ya baba yake kaikuta kwenye sura chungu nzima. Kwa hesabu zake ana baba mia, na wengi wanapigwa risasi kabla picha haijaisha. Huyu mtoto anakuwa yatima kila jioni!

MIDOMO: Jamani! Ndiyo maana picha ikiisha analia!

Upuuzi ulikuwa upuuzi, lakini ulituingia.

MIMI: Mfunge kitambaa machoni, akujue kwa harufu.

HAKIMU: Harufu gani, na wote hapa tunanuka kahawa? Halafu mtoto mchanga hana mipaka. Sauti anaiona, rangi anaisikia. Mvalishe shuka jekundu uone kama atalala.

WAYA: Acha uongo wewe.

HAKIMU: Uongo? Hilo shati lako la maua hata mimi nalisikia.

WAYA: Dawa ninayo. Kama mtoto hataki kumtoa baba kwenye televisheni, tumwingize baba humo humo.

Tulidhani anatania. Akaingia kibandani, akatoka na ganda la televisheni ya zamani, ile yenye kisogo, halina kioo wala utumbo. Akamvika Midomo kichwani mpaka mabegani. Mimi nikapewa mtoto.

WAYA: Haya, ongea.

MIDOMO: Mwanangu! Usiogope! Nimevuka milima kukutafuta!

Mtoto akamkodolea macho. Akatabasamu.

HAKIMU: Kaunganika!

Hapo ndipo Midomo alipoharibu. Kwa furaha akaleta jambazi, akaleta mkuu wa polisi, akamalizia na bibi anayekohoa. Mtoto akamtafuta bibi chini ya benchi, hakumwona, akaanza kulia. Midomo naye machozi yakamlengalenga ndani ya kasha, na sikuona la kuchekesha tena.

Mama mmoja mtu mzima akasimama mbele yetu, redio kwapani.

YULE MAMA: Hamjambo, wanangu?

WAYA: Hatujambo, shikamoo mama. Samahani, tuna mgonjwa.

Tukamweleza yote, kila mtu kwa namna yake. Akasikiliza, akamtazama Midomo ndani ya ganda.

YULE MAMA: Na sauti yake mwenyewe ni ipi?

Waya akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama ndizi zake. Nami nikajaribu kukumbuka. Akiagiza kahawa, ni mkuu wa polisi. Akikopa, ni bibi. Siku tuliyomzika baba yake alilia kwa sauti ya mjane wa kwenye sinema, tukampongeza.

YULE MAMA: Si nauliza tu?

Midomo akasafisha koo. Akatoka shujaa. Akafunga mdomo, akajaribu tena, akatoka mzee wa kijiji. Akafumba macho.

MIDOMO: Sijui.

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mtoto akanyamaza papo hapo. Hakugeukia kibandani. Aliuangalia ule mdomo, akapitisha mkono kwenye dirisha la kasha na kutia vidole vyote mdomoni mwa baba, akipekua kama kuna sauti nyingine imebaki humo.

Hatukuwa tumemwona mkewe Midomo akifika. Alikuwa nyuma yetu na kapu lake, anatukagua mmoja mmoja: Waya, Hakimu, mimi. Macho yake yakampita mumewe bila kusita.

MKEWE MIDOMO: Mna mgeni hapa, shemeji? Huyo aliyesema "sijui" ni nani?