Mzee Sikio na Kanda ya Mama Mkunga

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wa karakana yetu ya vyombo vya muziki vya zamani atavua koti lake la buluu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne kazini. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana majina matatu kamili. Kwetu sisi ni Mzee Sikio, na hata mkewe akipiga simu ofisini humwulizia Sikio.

Aliajiriwa kama mpakuaji wa mizigo. Siku moja alishusha spika mbili, akamwambia bosi wa wakati huo kwamba moja imebadilishwa koni, ile karatasi ya ndani inayotoa sauti, maana ilikuwa nyepesi kidogo mkononi. Walipofungua, ikawa kweli. Wiki iliyofuata akapewa bisibisi na meza dirishani.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa hukumu. Mtu huleta gramafoni ya marehemu baba yake au amplifaya ya taa za kioo, naye Mzee humwandikia cheti: chombo ni cha lini, kina thamani gani, kimeharibika wapi, na kama kinafaa kutengenezwa au kiachwe kipumzike. Alinusa transfoma kujua kama imeungua. Aligusa sponji ya ukingo wa spika kwa ncha ya kidole, na ikimwachia unga, alitikisa kichwa kama aliyepokea habari za msiba. Lakini neno la mwisho lilikuwa la masikio. Alifumba macho, nasi sote tukanyamaza.

Kuna wakili aliyeleta redio ya kabati inayong'aa, akijigamba ni ya enzi za babu yake. Mzee alifungua mgongo, akakuta mitambo ya juzi tu. Kwenye cheti aliandika: “Kasha ni babu, matumbo ni mjukuu.” Wakili alikasirika, kisha akacheka mpaka akaomba maji.

Ningeishia hapo kama mwenyewe asingenikataza. Nilipomsomea rasimu ya maneno haya ya kumuaga alisema, “Ukiandika mazuri tu, mwanangu, utakuwa umenyamaza mara ya pili.” Basi nieleze.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mama mmoja, mkunga mstaafu, alituletea mashine ya kanda, zile za kuzungushwa kwenye magurudumu mawili, pamoja na kanda yake moja. Marehemu mumewe alikuwa amemrekodi binti yao wa pekee. Mtoto yule alifariki kabla hajaanza shule, na kwa zaidi ya miaka thelathini mama hakuthubutu kuisikiliza. Sasa alitaka kujua tu kama sauti ingalimo. Mzee alisafisha mashine, akabadilisha mkanda wa mpira, akaicheza kanda mwanzo hadi mwisho, macho kayafumba. Kisha akamwambia kwa upole kwamba hamna kitu, ni mvumo mtupu. Mama alishukuru. Akasema vyote vibaki karakana, maana nyumbani havina faida.

Mimi nilikuwa meza ya pili, nikilehemu nyaya. Nilisikia. Chini ya ule mvumo kulikuwa na sauti nyembamba ya mtoto, mbali kama iko nyuma ya kuta mbili. Nilimtazama Mzee, uso wake umetulia. Nikajiambia kwamba aliyenifundisha kusikiliza hawezi kukosea, nikaona haya kumsahihisha mbele ya mteja, nikainamia nyaya zangu.

Miezi mitatu iliyopita mteja mwingine alirudisha spika zenye cheti chetu. Koni ndogo, zile za sauti nyembamba, zilikuwa zimekufa zote mbili. Mzee alizisikiliza asubuhi nzima asione kasoro. Akaenda peke yake kwa daktari wa masikio, akarudi na karatasi: sauti nyembamba zilimtoka miaka kadhaa iliyopita, na hazitarudi. Aliketi, akatoa nakala za vyeti vya karibuni, akaniuliza kama kuna siku nilisikia asichosikia yeye. Nikamwambia habari za ile kanda.

“Kwa nini hukusema?”

“Niliona haya, mzee.”

Hakunikaripia. Aliinuka akaenda kwenye rafu. Kanda ilikuwepo, lakini kwa mwaka mzima tulikuwa tukiitumia kujaribia mashine za wateja, tukirekodi mluzi juu ya mluzi. Tuliicheza yote. Yeye hakuwa akiisikiliza. Alikuwa akiutazama uso wangu. Ilipoisha, nilitikisa kichwa.

Tulikwenda kwa mama mkunga siku hiyohiyo, ghorofa ya tatu. Alitukaribisha viti, Mzee akakataa kuketi. Alisema yote akiwa wima: kwamba sauti ilikuwemo, masikio yake ndiyo yaliyoshindwa, na kanda imefutwa karakana kwake. Kosa langu hakulitaja. Nililitaja mwenyewe.

Mama alikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza. Kisha akaniuliza mimi.

“Alikuwa anasema nini?”

Nikamwambia alikuwa akihesabu. Moja, mbili, tatu, halafu tano, na kicheko cha mwanamume karibu yake, hafifu mno chini ya mvumo.

“Nne ilikuwa inamshinda,” alisema. Akatufungulia mlango, akatuomba twende.

Mzee alishuka ngazi akishika ukuta. Kesho yake aliandika barua ya kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati wake. Siku zilizobaki tumezitumia kuwarudia wateja wa vyeti vile, masikio yakiwa yangu na mikono yake. Vyombo saba tulivikuta na kasoro, akavitengeneza vyote. Kwa mama mkunga hakuna cha kutengeneza. Tulimpelekea mashine yake. Mlango haukufunguliwa, ikabidi turudi nayo.

Meza ya dirishani haitapata mrithi. Uongozi umeamua karakana iwe ghala, na mimi nahamia kitengo cha simu. Yale aliyoyajua kwa kunusa na kugusa sikuyamaliza kujifunza, na sasa sijui nitayajifunzia wapi.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kazi yako, na ahsante kwa kupanda ngazi zile wakati ungeweza kukaa kimya kama mimi. Mkeo anatuambia siku hizi redio ya nyumbani umeizima. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na maisha mema kadiri yatakavyowezekana. Tutakuja kukuona. Tutaketi karibu nawe, na tutasema kwa sauti.