Mwalimu Beatha na Kiti Tulichomnyima

Tarehe 17 Julai Mwalimu Beatha Rweyongeza anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha historia ya Marekani katika chuo chetu cha watu wazima, hapa Stratford, London. Angestaafu mapema, ila kila akiagwa alidai bado ana mkutano wa kuendesha.

Alizaliwa Bukoba, akaja London kusoma, akaanzia kazi mapokezi ya chuo hiki. Jioni moja ya theluji mwalimu wa zamu alishindwa kufika. Beatha akaingia darasani kuwaambia wanafunzi warudi nyumbani, akajikuta anafundisha. Hakutoka tena.

Kilichompa jina ni Mkutano wa Chicago. Kila Machi wanafunzi wake, manesi wa Thamesmead, madereva wa basi na wenye maduka wa Ilford, huigiza mkutano wa mwaka 1912, ambapo chama kipya kilichojiita cha maendeleo kilimteua mgombea wake wa urais. Kutoka jimbo moja la Kusini huja makundi mawili yanayodai viti vilevile: moja lina weusi, jingine ni la wazungu watupu. Kamati ndiyo huamua nani akae. Kwa kuwa Chicago ilikuwa Agosti, Mwalimu huwasha hita mpaka vioo vinatoka jasho. Na ana sharti lake: kamati ikimkataa mtu, wanakamati wenyewe humwondolea kiti kwa mikono yao, naye akiwatazama.

Dereva Cosmas aliwahi kuwatetea wajumbe weusi kwa moto mkali hadi akachelewa zamu yake. Hata hivyo, kamati baada ya kamati iliwakataa, kama ilivyokuwa Chicago. Mwalimu hakuficha kwamba alitamani, walau mara moja kabla hajaondoka, aone wakipewa viti.

Ndipo Machi hii wanafunzi wakatukabidhi kamati sisi wafanyakazi, iwe zawadi ya kumuaga. Mwalimu mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akakaa upande wa wajumbe weusi, ameshikilia bango la jimbo lake na kutabasamu kama bibi harusi.

Tulimkataa. Naona haya kuandika neno hilo katika jarida letu, lakini wasifu usiolitaja ungekuwa uongo. Vijay wa uhasibu alisema tuwe “realistic”, tutazame hali halisi, kura za wazungu wa Kusini ni nyingi mno. Vaileth wa maktaba alihofia pilau la kumuaga Mwalimu litapoa. Mimi, mweusi na mwalimu wa historia, najua fika kwamba chama kile kiliwafukuza wajumbe weusi na bado hakikupata hata jimbo moja la Kusini. Niliinua mkono vilevile. Hakuna aliyetulazimisha. Tulitaka kushinda, na anayetaka kushinda haambiliki.

Sharti ni sharti. Mwalimu alisimama taratibu, goti lake bovu likimsumbua, tukabeba kiti chake tukakitoa nje. Alisimama ukutani hadi mgombea akateuliwa, kisha akaja kutupakulia pilau, akatutania kwamba wanasiasa hula sana.

Wiki iliyofuata tulimfuata watatu, vichwa chini. Tulimwomba mkutano urudiwe, safari hii tumpe viti vyote avitakavyo. Alitushukuru, akakataa. Alisema wale waliokataliwa Chicago walirudi kwao na masanduku yao, na hakuna aliyeitisha kura ya pili ili waliowakataa wapate usingizi.

Mwalimu Beatha, asante kwa wanafunzi uliowafungua macho, na kwa sisi wenzako uliotufungua macho tukiwa tumechelewa. Ustaafu kwa amani na afya njema, goti lipone, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Kura yetu ya Machi umetuachia, na ni haki yetu kubaki nayo.