Macho ya Kuchagua Mawe kwenye Mchele

Katika pirogi ya kuvuka mto hapa Kindu, nilikaa nyuma ya Mama Mwanahamisi, muuza mchele, ambaye huchagua mawe kwenye ungo hata juu ya maji. Kando yake alikaa Papa Thaddée, mwenye duka la sabuni, macho yamefunikwa na kofia. Alikuwa ametoka kutiwa matone ya kupimwa macho, yale yanayotia macho ukungu hadi jioni. Waligundua kwamba wote wawili wako na ugonjwa wa sukari, wakafurahi kama watu wa kijiji kimoja.

"Nawe uende wakupime, mama."

"Mimi? Ona hili jiwe, dogo kama yai la chawa." Akalitupa mtoni.

"Docteur anasema sukari inakula tabaka za mishipa ya fahamu, kule nyuma ya jicho. Zinapungua unene pole pole, na wewe bado unaona mawe. Siku utaanza kuyakosa, njo umechelewa."

"Miaka ya vita treni haikufika, sukari hatukuionja. Sasa iko sokoni, njo munaniambia niiogope."

Tulicheka, hata mpiga kafi.

Pirogi ikagusa mchanga. Papa alisimama akipapasa hewa, mwanga unamchoma. Mama akamshika mkono, akamshusha.

"Kati yetu, papa, nani mwenye macho?"

"Wewe, mama. Yangu yatarudi jioni. Yako yakienda, nani atayarudisha?"

Mama alibana ungo kwapani, wakapanda ukingo, na mkono wa papa hakuuachia.