Wimbo na Mbolezi za Lutengano

Mheshimiwa Chifu, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wageni wetu mliopanda milima kutoka Mbeya mjini, na ninyi kina mama wenzangu wa kwaya: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimetumwa kumuaga Mama Lutengano, anayehamia Iringa kwa binti yake Damari. Ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo hapa kanisani. Lakini ni nani kati yetu asiyejua uchungu wake?

Mwaka 1953 mwanawe Lutengano alikwenda kuchimba dhahabu huko kusini, na habari zake zikakatika. Wenzake walirudi na mablanketi na baiskeli, yeye hakurudi. Baadaye wazee walimwendea kwa nia njema, wakamwambia, "Mama, tumwombolezee kijana, roho yako itulie. Anzisha mbolezi, sisi tutaitikia."

Akawajibu, "Mbolezi ni ya marehemu. Mimi nani kaniambia wangu amekufa? Mtu aliye njiani anaimbiwa wimbo."

Na kweli alimwimbia. Alimwimbia akipalilia migomba, alimwimbia akishuka mtoni, wimbo wa furaha wenye jina la mwanawe, na wapo waliopita wakitikisa vichwa, wakisema akili imemruka. Mimi jirani yake nilikuwa namwitikia. Ningemwachaje aimbe peke yake?

Mwaka jana, miaka minne tangu aondoke, tukiwa katika kuchuma kahawa, akaja Abrahamu, aliyekuwa na Lutengano mgodini. Alivua kofia mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, mwamba ulituangukia," alisema. "Mimi nililazwa muda mrefu, ndiyo maana nimechelewa. Mwenzangu alizikwa kule kule."

Mama hakupiga yowe. Aliuliza tu, "Mlimwimbia?"

"Hapana, Mama. Waliomzika walirudishwa kazini siku ile ile."

Basi akatuita majirani, akasimama uani, akaianzisha mwenyewe ile mbolezi aliyoikataa miaka yote. Ndugu zangu, nilikuwa nikidhani wimbo na mbolezi hutofautiana kwa sauti tu. Siku ile nilielewa: kwa wimbo alikuwa akimwita mwanawe nyumbani, na kwa mbolezi alikuwa akimruhusu aende. Mstari wa kwanza aliumaliza. Katika wa pili sauti ikamkatika, tukaupokea sisi, tukaimba hadi mwisho, yeye ameketi chini, viganja vyake vimeshika udongo.

Tangu hapo hajaanzisha wimbo wowote, hata wa Jumapili; tumekuwa tukianza sote pamoja, wala hatukumlazimisha. Nani angethubutu?

Asubuhi hii, nikimfungia mizigo, nilimwuliza, "Mama, sasa Jumapili nani ataanzisha?"

Alikaza fundo la mzigo. Kisha akasema, "Wewe, Lea. Ila usianzie juu, watoto hawatafika."

Mama, nitaanzia chini.

Nawashukuru ninyi nyote mlionitegea sikio. Asanteni.