Mpira wa Breki wa Fundi Seti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, aje asikie. Bibi yenu anaanza kama alivyozoea. Kitendawili! Namkalia kichwani mchana kutwa, anainama wala hanung'uniki, nikishuka, anasimama. Nani?

Mnasema kiti. Kiti hakiinami. Mnasema godoro. Mmekaribia, lakini bado. Jibu ni springi ya gari. Aliyenitegea kitendawili hicho alizikwa wiki jana, na amezikwa upande wa mto ambao hakupaswa kuzikwa. Leo tunamkumbuka yeye. Tunamkumbuka Fundi Seti.

Fundi Seti alikuwa fundi wa kunyanyua magari. Ndiyo, kunyanyua. Mtu ana gari la porini, anataka lipite kwenye mawe na madimbwi bila kukwaruza tumbo. Anampelekea Fundi Seti. Anarudishiwa limepanda juu kwa inchi mbili, inchi nne, limesimama kama jogoo.

Sasa, wengi hudhani ni kazi ya springi tu. Weka springi ndefu, kazi imekwisha. Fundi Seti alikuwa akicheka akisikia hivyo. Mdogo wake, dereva wa lori, alinieleza juzi tukiwa tumekaa uani kwao. Alisema kaka yake alikuwa akimwuliza kila mteja: ukimrefusha mtu miguu, suruali utamwachia ileile? Springi zikirefuka, shokapu nazo zirefuke. Bushi, zile raba za kwenye maungio, ziwe mpya. Mikono inayoshika ekseli ibadilike, la sivyo magurudumu yanakaa upande. Na mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, lazima nao urefuke. Vitu vyote hivyo vikae mezani kwanza. Kikikosekana kimoja, hafungi hata nati. "Seti nzima, au rudi kesho." Hivyo ndivyo alivyopata jina.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na futikamba ilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi. Wateja walimjua kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Fundi Seti alikuwa na gari lake mwenyewe la porini, zee, la kijani, na kwa miaka alilinunulia vipuri kimoja kimoja ili siku moja alinyanyue. Alivipanga chini ya kitanda. Mkewe alikuwa akiwaambia wateja wake: "Mimi sikuolewa na mwanamume. Niliolewa na duka la vipuri. Nikigeuka kitandani, shokapu inanisalimia."

Haya. Mshonaji akaugua figo.

Sikilizeni vizuri hapa. Nyumba yao iko upande huu wa mto. Hospitali iko upande wa pili, mjini. Katikati barabara inashuka mteremko mkali, inaingia majini, inatokea ng'ambo. Daraja hakuna. Kiangazi maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, unavuka unapiga mluzi. Mvua ikinyesha yanapanda, yanakuja na mawe, na gari la kawaida linazimika katikati. Na mshonaji sasa alitakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mara mbili, kila wiki, ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo lile gari la kijani halikuwa tena mchezo wa siku za mapumziko. Lilipaswa kupanda inchi nne kabla ya mvua. Walikuwa na mpango wa pili pia. Walikuwa wamempatia mama chumba mjini, ahamie huko msimu wote. Mvua ilitangulia siku tisa, kabla hajahama.

Fundi Seti alitoa vipuri vyake vyote chini ya kitanda. Springi, zipo. Shokapu, zipo. Bushi, zipo. Mikono ya ekseli, ipo. Mipira ya breki ya mbele, ipo. Mpira wa nyuma, hapana. Duka la vipuri mjini lilikuwa limemletea mara mbili. Mara ya kwanza wakaleta wa mbele tena. Mara ya pili wakaleta wa nyuma, lakini meno ya nati hayakulingana. Wa tatu ulikuwa njiani.

Akaingia chini ya gari. Akapiga jeki, akaacha gurudumu la nyuma lining'inie, kwa sababu kipimo cha mpira wa breki huchukuliwa gurudumu likining'inia. Akaomba futikamba ya mkewe. Akapima. Mpira wa zamani ulipungua vidole vinne.

Mdogo wake alikuwepo. Alimwambia, kaka, funga hivyohivyo, nitaendesha mimi, nitashuka polepole. Alimwambia na mengine, kwamba waunge, kwamba wafunge kwa waya, mambo ambayo dereva akiwa na hofu huyasema. Fundi Seti alitoka chini ya gari akamjibu maneno ambayo mdogo wake hajayasahau.

"Ukishuka ule mteremko, gurudumu linaning'inia. Linauvuta mpira, unakatika. Ukikanyaga breki unakanyaga hewa. Mbele yako kuna maji. Nyuma yako yupo mke wangu."

Hakufunga.

Walijaribu mengine, msidhani walikaa tu. Trekta ya jirani mwenye mashamba ilikuwa imekufa injini. Wanaume wanne walifunga kamba viunoni wajaribu kina kwa miguu. Wa mbele alibwagwa na jiwe, wakamvuta akiwa na mkono uliovunjika. Siku ya kwanza ya kusafishwa damu ikapita. Ya pili ikapita. Miguu ya mama ikavimba. Bado alikuwa na utani. Binti yao, ambaye ndiye mtoto wao pekee, anasema mama alimwita kitandani akamtuma: "Kamwambie baba yako, huo mpira ukikataa kuja, nina uzi mweusi mzuri wa jeans."

Siku iliyofuata hakutania. Siku iliyofuata tena, saa saba mchana, mshonaji alifariki. Futikamba ilikuwa bado chini ya gari.

Mpira wa breki ulifika siku nane baada ya mazishi.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Siku nane. Fundi Seti aliufungua, akaupima kwa futikamba ileile. Ulikuwa sawasawa. Akauviringisha kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani, akaurudisha chini ya kitanda pamoja na vile vingine. Wala hakulifunga gari. Si mwezi ule, si mwaka ule. Miaka kumi na mmoja hakulifunga.

Kazini aliendelea. Msimu wa mvua alilala gereji mjini, kiangazi alirudi nyumbani kwa miguu. Alinyanyua magari ya watu wengi, na wengine walikuwa wanataka tu waonekane warefu barabarani. Aliwafungia vizuri, seti nzima. Mimi alinitegea kile kitendawili cha springi siku nilipokwenda kumhoji kwa kipindi kingine. Nilishindwa, nikampa mji. Akasema, "Bibi, mji wenyewe uwe upande huu wa mto." Nilicheka. Nadhani nilicheka peke yangu.

Binti yake aliwahi kumwuliza, baba, kwa nini usilifunge lile gari, hata tuliuze likiwa zuri? Akajibu kwamba seti haijatimia. Binti akashangaa. Vipuri vyote anavifahamu, amevifagilia vumbi tangu utoto.

"Kinakosekana nini, baba?"

"Abiria," alisema.

Mwezi uliopita, mvua zikiwa zimeanza, Fundi Seti alibanwa na kifua akiwa chini ya gari la mteja. Wenzake walimvuta nje, wakamkimbiza hospitali. Hospitali ileile. Alikaa siku mbili. Aliongea na binti yake kwa simu, na alichomwomba kilikuwa kimoja. Azikwe karibu na mkewe, upande huu. Binti akasema, ndiyo, baba. Fundi Seti alifariki kesho yake.

Maji yalikuwa yamejaa.

Sasa mdogo wake na binti wakaingia chumbani, wakavuta vipuri vyote kutoka chini ya kitanda. Wakamwita fundi jirani. Gari la kijani litapanda, litavuka, litamleta mwenyewe nyumbani. Mdogo wake anasema kwa mara ya kwanza aliona kwamba mambo yatakwenda. Springi zilikuwa nzima, kutu kidogo tu. Shokapu mbili zilivuja, mbili zilifaa. Bushi zilivunjika vipande kama biskuti, lakini walikata nyingine kwenye tairi kuukuu. Mchana ukaisha, kesho yake wakaendelea. Kikabaki kimoja.

Binti akafungua kile kitambaa. Rangi ilikuwa bado nzuri. Mdogo wake akaushika ule mpira wa breki, akaupinda kidogo auingize mahali pake.

Ukakatika. Anasema ulitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Miaka kumi na mmoja chini ya kitanda, mpira hukauka.

Nilimwuliza mdogo wake kama hawakufikiria kufunga ule wa zamani, uliopungua vidole vinne, wakajaribu. 

"Bibi, nilishika spana. Nilisema leo nafunga, na liwalo na liwe. Halafu nikamsikia kaka. Mbele yako kuna maji. Nikaiweka spana chini."

Siku sita walingoja maji. Hayakushuka. Hospitali haikuweza kumhifadhi zaidi. Mafundi wenzake walimzika huko huko, ng'ambo, kwenye makaburi ya mjini. Mmoja wao alishikilia simu juu ya kaburi ili watu wa nyumbani wasikie. Binti anasema alisikia udongo. Mengine upepo uliyachukua, lakini udongo aliusikia.

Mshonaji amelala upande huu. Fundi Seti amelala upande ule. Walilala kitanda kimoja miaka ishirini na saba, juu ya vipuri vya kuvukia.

Kwa binti yao, kwa mdogo wake, na kwa mafundi wa gereji waliomzika kama ndugu, kituo hiki kinawapa pole. Bibi naye anawapa pole yake mwenyewe, na pole yangu haina la kuwafaa. Daraja limeahidiwa. Liliahidiwa hata mwaka ule alipokufa mama. Gari la kijani liko uani juu ya mawe, limenyanyuka inchi nne, refu, zuri, halina breki.

Nanyi mliobaki kwenye redio zenu, leo msinipigie simu. Kaeni mfikirie. Nawategea cha mwisho. Kitendawili! Angefunga, huenda mto ungewachukua wote. Hakufunga, akamzika mkewe. Alikosea wapi?

Nimekitega siku tatu sasa, jikoni na kitandani. Sina jibu, na ninaogopa atakayenipa. Nimeshindwa. Chukueni mji.