Bi Mgawanyo na Moja Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, nikiwa mdogo wake wa mwisho, nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimfahamu kama Bi Mgawanyo.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1953, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, ambako alipenda hesabu kuliko mapumziko, jambo linalotushangaza sisi wengine hadi leo. Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kupiga namba za tiketi, akadumu humo miaka arobaini. Tarehe 2 Aprili 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili, 1979 na 1983.

Tarehe 5 Februari 1990 mashine yake ilikwama, ikapiga moja kumi na moja mfululizo, 11,111,111,111, na msimamizi wake, mwenye diploma ambayo hakuacha mtu aisahau, akatangaza mbele ya wote kwamba namba hiyo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Dada akasema inagawanyika, akachekwa. Tangu hapo, kila jioni isipokuwa Jumapili, aliketi kwenye meza ya jikoni akaigawanya kwa namba tasa moja kwa jioni, 3, 7, 11, 13 na kuendelea, akizipita 2 na 5 zisizoweza kugawa namba inayoishia na moja, akijua kwamba akivuka 105,409, kipeuo cha pili cha namba hiyo, mikono mitupu, msimamizi ndiye mkweli. Alivuka Mei 2022, mikono mitupu, akamwandikia msimamizi barua ya kukubali kushindwa, kisha akayafungia madaftari yake ya hesabu kabatini, nasi tuliomzoea tukaogopa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, na hapo shemeji, aliyeilalamikia meza ile miaka yote, akayafungua madaftari na kuanza kukagua hesabu zote upya, kwa subira ya fundi saa. Tarehe 9 Machi 2024 alifika kwenye 21,649, iliyogawanywa tarehe 14 Novemba 1997, siku binti mdogo alipokuwa na homa kali, na mama yake akasahau kubeba moja. Alikimbia na daftari hadi wodini alikolazwa, dada akaomba kalamu, akazidisha mwenyewe 21,649 kwa 513,239, na moja zikatoka zote kumi na moja, akacheka hadi wauguzi wakaja mbio. Kesho yake msimamizi, mzee wa miaka themanini na nne, alifika na mkongojo wake, akakiri kwamba ameshindwa, na dada akamwambia, kwa heshima zote, aliandike hilo kwenye barua.

Aliaga dunia tarehe 21 Machi 2024, saa kumi na moja jioni, barua ya msimamizi ikiwa chini ya mto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa chumba cha namba, na msimamizi, aliyeketi pale mbele, kwa barua nzuri sana.

Pumzika kwa amani, dada yetu, imegawanyika, na hakuna baki.